Mkia Mdogo, Hukumu Kubwa

Leo mpanga chapa wa gazeti atatoka jasho, maana nitataja maneno yenye herufi za vidoti na vikofia ambazo mashine zetu hazikuzizoea. Tumvumilie.

Nimepata barua ya msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amekerwa na neno "endelevu". Anasema kila afunguapo redio anasikia maendeleo endelevu, kilimo endelevu, uvuvi endelevu. Anauliza: ni nani aliyekibandika kitenzi "endelea" mkia huo, na kwa ruhusa ya nani? Kwake yeye, neno hilo lilitengenezwa ofisini, halikuzaliwa nyumbani.

Ni swali zuri, na nitalijibu kabla sijaaga. Lakini kwanza nakuomba tusafiri pamoja hadi kaskazini ya Ulaya, kwenye lugha za Skandinavia. Nina sababu mbili. Ya kwanza, huko kazi ya kubandika maneno mikia ili yawe vivumishi ni kazi ya kila siku, na wenyewe wameifanya kwa karne nyingi. Ya pili ni kwamba huko ndiko mimi mwenyewe nilikoumbuka kwa sababu ya mkia wa neno, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa Uswidi kwa mafunzo ya miezi 6, nikapanga chumba nyumbani kwa bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 70. Siku theluji ya kwanza ilipoanguka, bibi yule alitoka nje na ndara zake, akafinyanga donge la theluji, akamlenga nalo mjukuu wake mgongoni, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama, moyo wangu ukafurahi. Nikatafuta neno la kumsifu. Nilikwisha jifunza kuwa "barn" ni mtoto, na nilikwisha sikia kivumishi "barnslig". Basi nikasema, kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, "Bibi, wewe ni barnslig."

Kicheko kilikatika pale pale. Yule mjukuu, kijana mpole, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bila shaka nilitaka kusema "barnlig". Tofauti ni herufi moja tu, hiyo "s" ya katikati. Barnlig ni mtu mwenye moyo mweupe kama wa mtoto. Barnslig ni mtu mzima mwenye akili za kitoto. Nilikuwa nimetaka kumvika bibi wa watu shada la maua, nikamvika gunia.

Sisi kwa Kiswahili tungesema "ya kitoto" kwa yote mawili, kisha tukaacha sauti na uso wa msemaji vimalize kazi. Waswidi wameiweka hukumu ndani ya neno lenyewe. Bibi alinisamehe, akanimiminia kahawa, na usiku ule nikafungua daftari jipya nikaandika juu yake: Mikia.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, msikilizaji. Mzizi wa neno hukutajia kitu, lakini mkia wa neno hukwambia wenye lugha wanakionaje kitu hicho. Mfasiri anayeshika mzizi na kuuacha mkia amefasiri nusu, na pengine nusu isiyo na maana.

Hebu kwanza tuwajue wenye lugha. Tunaposema lugha za Skandinavia tuna maana ya Kiswidi, Kidenmark na Kinorwei, pamoja na ndugu zao wawili wa visiwani: lugha ya Iceland na lugha ya visiwa vya Faroe. Zote zimetoka katika shina moja, lugha ya kale ya watu wa kaskazini. Kifini hakimo, ingawa Finland ni jirani. Hicho ni cha ukoo mwingine kabisa. Mswidi, Mdenmark na Mnorwei wakikaa meza moja husikilizana kila mmoja akisema lugha yake, ingawa Mdenmark huombwa mara nyingi arudie. Watu wa Iceland na Faroe wameihifadhi zaidi sarufi ya kale, hata wale watatu wa bara hawawaelewi mpaka wajifunze.

Katika lugha hizi kivumishi hupatana na nomino kama kwetu, ila wao hupatanisha mkiani na sisi hupatanisha kichwani. Sisi husema mtu mwema, watu wema, kitu chema. Mswidi kwa "mwenye urafiki" husema vänlig kwa mtu mmoja, vänligt kwa mtoto, kwa sababu neno "mtoto" kwao ni la ngeli nyingine, na vänliga kwa watu wengi. Kwa hiyo mkia wa neno lao hubeba mizigo miwili: wa kwanza ni ule unaolifanya neno kuwa kivumishi, wa pili ni huo wa upatanisho.

Tuanze na mkia ulio mkongwe na wenye kazi nyingi kuliko yote, "-lig". Kwa Kidenmark na Kinorwei nao ni "-lig", ingawa "g" aghalabu haisikiki. Kwa Iceland ni "-legur", kwa Faroe ni "-ligur". "Vän" ni rafiki kwa Kiswidi. Vänlig ni mkunjufu. Mkia huu ulitoka wapi? Zamani ulikuwa neno kamili lenye maana ya mwili au umbo. Vänlig, kwa asili yake, ni "mwenye umbo la rafiki". Neno hilo la kale lingali hai, na ajabu yake ni kwamba limeishia makaburini: kwa Kidenmark "lig" likisimama peke yake ni maiti. Vilevile "lig" ni "sawa na", "iliyofanana na". Mwili, mfano na maiti, vyote ni watoto wa mama mmoja. Sisi kazi hii tumeipa "ki-" yetu: kirafiki, kizee, kiungwana. Ki- yetu ni ya namna na mwenendo, "-lig" yao ni ya umbo, lakini zote mbili husema kwamba kitu hiki kimefanana na kile.

Usidhani kwamba ndugu wakirithi mkia mmoja basi wataishi nao vilevile. Chukua neno "ro", yaani utulivu. Liongeze "-lig", unapata "rolig" katika lugha zote tatu. Mdenmark na Mnorwei wakikwambia jioni yao ilikuwa rolig, walikaa kimya, pengine walisoma kitabu wakalala mapema. Mswidi akikwambia jioni yake ilikuwa rolig, alicheka na kufurahi na wenzake. Mzizi mmoja, mkia mmoja, njia mbili. Lakini maana ya kale haikumtoka Mswidi kabisa, maana akikanusha neno hilo akasema "orolig", hakusudii kwamba hachekeshi. Ana maana kwamba ana wasiwasi, amekosa ule utulivu wa zamani.

Neno jingine la mkia huu ni "folkelig" la Denmark na Norwei. "Folk" ni watu, umma. Folkelig ni kitu au mtu aliye wa watu, asiyejitenga nao. Kwa Wadenmark neno hili lina uzito, kwa sababu limefungamana na mawazo ya Grundtvig, mchungaji na mwandishi aliyeishi kati ya 1783 na 1872. Yeye alitaka elimu ya watu wazima itolewe kwa lugha ya watu wenyewe, si kwa Kilatini cha wasomi. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na mfano wake ukaenea nchi jirani. Matawi ya mti huo yalifika hata kwetu, kwani Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975 vilichukua mfano wake kutoka Uswidi.

Ukitaka kumwona mtu aliyekuwa folkelig, mtazame Mfalme Olav V wa Norwei. Mwaka 1973, wakati wa shida ya mafuta, siku ambayo magari binafsi yalikatazwa kutembea, mfalme huyo alibeba ubao wake wa kuteleza kwenye theluji akapanda treni la abiria kama raia yeyote. Picha yake akiwa ndani ya behewa Wanorwei wanaijua mpaka leo. "Folkelig" ni sifa ya mtu aliye mmoja wa watu bila kujilazimisha, na hapo ndipo mkia unapokuwa mgumu kufasiri. Mtu akiigiza ukawaida ili apendwe, watu humgundua.

Sasa twende kwenye meza ya fundi. Nitachukua mzizi mmoja wa Kiswidi, "arbete", yaani kazi, niubandike mikia minne, nawe utazame. "Arbetsam" ni mchapakazi. Mkia "-sam" hutaja tabia iliyozoeleka, na kwa Kidenmark na Kinorwei hugeuka "-som". "Arbetsför" ni mtu mwenye nguvu na siha ya kufanya kazi. "Arbetslös" ni mtu aliyekosa ajira. "Arbetsfri" ni siku ambayo watu hawaendi kazini. Kazi ni ile ile moja, lakini mkia wa kwanza umesifu, wa pili umepima afya, wa tatu umehuzunika, wa nne umeshangilia.

Hiyo mikia miwili ya mwisho, "-lös" na "-fri", ndiyo iliyojaza kurasa nyingi za daftari langu. Yote miwili husema kwamba kitu fulani hakipo. Kwa Kidenmark na Kinorwei ni "-løs" na "-fri". Kwa Iceland ule wa kwanza ni "-laus". Kamusi ya haraka haraka itakufasiria yote kwa "-sio na", na kwa hesabu ya vitu itakuwa imesema kweli. Lakini "-lös" aghalabu husema kwamba kitu hakipo na kingefaa kuwapo, ilhali "-fri" husema kwamba hakipo na heri kisiwepo. Ndiyo maana kinywaji bila sukari ni "sockerfri" na ukumbi bila moshi wa sigara ni "rökfri". Hakuna anayeomboleza sukari iliyotolewa.

Tazama mambo yanavyokuwa mazito neno likimhusu binadamu. Mwanamke au mwanamume asiye na mtoto huitwa kwa Kiswidi "barnlös". Madaktari wao huzungumza juu ya watu walio barnlös bila hiari yao, nao huwatibu. Lakini wazazi waliowapeleka watoto kwa bibi yao kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili husema wana wikendi "barnfri", na wanalisema huku wanatabasamu. Siku hizi wako pia watu walioamua kutozaa, nao hujiita barnfri, kwa sababu hawataki kuitwa kwa mkia wa kuomboleza. Sasa fikiri juu ya mtu aliyehangaika hospitali miaka 10 akitafuta mtoto, halafu mgeni kama mimi anamwambia kwamba yeye ni barnfri. Mgeni huyo hajakosea sarufi hata kidogo, lakini amemchoma mwenzake kisu.

Mfano wa pili ni wa mikutanoni. "Ansvar" ni wajibu, dhamana. Mtu "ansvarslös" ni mtu ovyo, asiyejali dhamana aliyopewa. Lakini kila mwaka, katika mkutano mkuu wa chama chochote cha Uswidi, hata kiwe chama cha waendesha baiskeli cha kijijini, hesabu zikikwisha kusomwa wanachama huulizwa kama wanawapa viongozi "ansvarsfrihet". Maana yake ni kwamba tumeona hesabu, tumeridhika, hatutawadai chochote kwa mwaka uliopita. Kiongozi hujisikia mwepesi akipewa hiyo. Mfasiri akichanganya mikia hiyo miwili, ataandika kwamba mkutano umewatangaza viongozi wote kuwa watu ovyo.

Kwa haki, lazima niseme kwamba kanuni hii si msumeno. "Lös" likisimama peke yake ni kitu kilicholegea au kilichofunguka, na maana hiyo ya kufunguka ingalipo katika baadhi ya maneno. Simu isiyo na waya ni "trådlös", wala hakuna anayeulilia waya. Mtu "skuldlös" ni mtu asiye na hatia, na hiyo ni sifa. Ukichunguza utaona sababu: waya ni usumbufu na hatia ni balaa, kwa hiyo kuvikosa si hasara. Mkia hupima pamoja na mzizi wake.

Lakini ofisini mkia "-lös" huweza kuamua maisha ya mtu. Neno la sheria kwa mtu asiye raia wa nchi yoyote ni "statslös" kwa Kiswidi na "statsløs" kwa Kidenmark. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ilifichuka huko Denmark kwamba vijana waliozaliwa nchini humo wakiwa statsløs, wengi wao wa asili ya Kipalestina, walinyimwa uraia ambao walikuwa na haki nao chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961. Waziri aliyehusika, Birthe Rønn Hornbech, aliondolewa katika wadhifa wake mwezi Machi mwaka huo. Kwa maofisa, neno hilo lilikuwa kisanduku cha kutia alama katika fomu. Kwa kijana mwenyewe lilikuwa ni mlango uliofungwa.

Uswidi nako kuna neno "papperslös", mtu asiye na karatasi, yaani anayeishi nchini bila kibali. Kati ya watu wanaoitwa hivyo wamo Waafrika. Wako wanaopenda kumwita mtu huyo "haramu", wako wanaomwita papperslös. Linganisha mwenyewe. Neno la kwanza linamhukumu mtu mzima kuanzia utosini hadi unyayoni. La pili linasema kwamba amepungukiwa na kitu kimoja, karatasi, na karatasi huweza kupatikana. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 iliwapa watu hao haki ya kutibiwa maradhi yasiyoweza kungoja, na watoto wao haki ya matibabu kamili. Siwezi kusema kwamba mkia wa neno ndio ulioleta sheria. Lakini nasema kwamba ni rahisi zaidi kumfungulia mlango wa hospitali mtu aliyepungukiwa na karatasi kuliko mtu ambaye jina lake ni haramu.

Tupumzike kidogo kwa jambo jepesi. Wako Waskandinavia wanaolalamikia mkia mmoja kama vile mwalimu wetu anavyolalamikia "endelevu". Ni "-mässig" kwa Kiswidi, "-messig" kwa Kinorwei, "-mæssig" kwa Kidenmark, wenye maana ya "kwa upande wa". Watu wa ofisini wanaupenda mno. Badala ya kusema hali ya hewa ilikuwa mbaya, husema kwamba "vädermässigt" mambo hayakuwa mazuri, yaani kihaliyahewa. Wanaojali lugha fasaha huwaambia kila mara kwamba sentensi ingesimama bila mkia huo. Nanyi mnaosikia siku hizi "kibajeti", "kimiundombinu" na "kiutekelezaji" mnaujua ugonjwa huo.

Sasa tunakaribia barua ya mwalimu. Kuna mkia "-bar", ambao si wa asili ya Skandinavia. Uliletwa na biashara. Katika karne za kati wafanyabiashara wa miji ya kaskazini ya Ujerumani, Lübeck ukiwa mji mkuu wao, walifanya maskani katika Bergen, Visby na Stockholm. Walileta chumvi, nguo na bia, wakachukua samaki, shaba na chuma. Na kwa sababu walikaa muda mrefu, wakaacha na lugha. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, maana tunajua meli ya biashara hushusha na maneno. Lakini kule kaskazini meli zilishusha hata mikia ya maneno, na "-bar" ni mmoja wao.

Kazi ya "-bar" ni kusema kwamba jambo linawezekana kutendwa. Kwa Kiswidi "läsbar" ni kinachosomeka, "ätbar" ni kinacholika. Naona unatabasamu, msikilizaji, maana umekwisha tambua kwamba hii ndiyo "-ika" na "-eka" yetu. Na "hålla" ni kushika au kudumu, kwa hiyo "hållbar" ni kinachodumu: kiatu kisichochakaa upesi, chakula kisichochacha.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa juu ya mazingira na maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, ilitoa taarifa yake mashuhuri. Ndani yake mlikuwa na wazo kwamba kizazi cha leo kijipatie mahitaji yake bila kukinyima kizazi cha kesho uwezo wa kujipatia yake. Taarifa iliandikwa kwa Kiingereza, na kila taifa likatakiwa kulitafutia wazo hilo kivumishi. Ungedhani majirani hawa watatu, wanaosikilizana bila mkalimani, wangechukua neno moja. La hasha!

Wanorwei walichagua "bærekraftig": kubeba, nguvu, na mkia "-ig". Ni maendeleo yenye nguvu ya kubeba mzigo, kama daraja au jahazi. Wadenmark walichagua "bæredygtig", wakiunga kubeba na "dygtig", yaani mwenye uwezo. Walikuwa nalo "holdbar", ndugu wa neno la Kiswidi, lakini kwao hilo ni la maziwa yasiyoganda na hoja isiyopingika. Waswidi walisita. Wengine walisema "uthållig", neno wanalompa mkimbiaji asiyechoka. Mwishowe likashinda "hållbar", lile lile la kiatu. Watu wa Iceland, wasiopenda maneno ya kuazima, walisema "sjálfbær", kinachojibeba chenyewe.

Kwa hiyo wazo ni moja na picha ni nne. Mnorwei anauliza kama daraja lina nguvu. Mdenmark anauliza kama lina uwezo. Mswidi anauliza kama jambo litadumu. Mtu wa Iceland anauliza kama litajitegemea. Hakuna aliyekosea, na kila mmoja alilipata neno lake kwa kufungua sanduku la mikia lililokuwamo nyumbani mwake.

Na sisi je? Hapa sasa mwalimu wangu, nakujibu. Fungua sanduku letu. Kitenzi "potea" kimetupa "-potevu". "Legea" kimetupa "-legevu". "Tulia" kimetupa "-tulivu", "vumilia" kimetupa "-vumilivu", "sikia" kimetupa "-sikivu". Mkia wa "-vu", pamoja na ndugu yake "-fu" wa "-sahaulifu" na "-danganyifu", ni wa zamani kuliko ofisi zote za nchi hii. Kazi yake ni kusema kwamba tendo limekuwa tabia. Mtu mmoja akikuvumilia leo, amekuvumilia tu. Akikuvumilia siku zote, ndipo anapoitwa mvumilivu. Basi "endelea" kikaingia njia ile ile iliyopitwa na "potea" na "legea", kikatoka "endelevu": jambo ambalo kuendelea kumekuwa ndiyo tabia yake. Neno lenyewe ni jipya, lakini mkia ni wa babu zetu. Picha yetu ni ya tano, na haikuazimwa kwa jirani yeyote.

Lakini mwalimu, katika jambo moja uko sahihi, na ndilo linalonitia hofu. Neno zuri likirudiwa bila kufikiriwa hugeuka kelele. Tunapoita kila mradi endelevu, hata ule uliokufa siku mfadhili alipopanda ndege, mkia unaongopa. Hapo kosa si la sarufi.

Nina neno moja kwa wafasiri wetu, hasa wanaotafsiri maandishi ya hospitali, ya mahakama na ya uhamiaji, maana humo ndimo mikia inamoumiza. Msiridhike na "asiye na" kwa kila jambo. Lugha yetu haikuweka hukumu mkiani kama wao, lakini imeiweka katika kitenzi, na vitenzi tunavyo tele. Mtu barnlös ni mtu ambaye hakujaliwa mtoto, nalo ni neno la heshima, linaloacha mlango wazi na halimwiti mtu mgumba wala tasa. Mtu barnfri ni mtu asiyetaka mtoto, au aliyepumzika nao kwa siku mbili. Asiye na deni ni mtu asiyedaiwa. Dawa sockerfri ni dawa isiyotiwa sukari. Arbetslös ni mtu aliyekosa kazi, wala si mtu asiyefanya kazi, kwa kuwa huyo wa pili twaweza kumdhania mvivu. Hakujaliwa, amekosa, hataki, hadaiwi, amesalimika: kila kimoja kina moyo wake. Chagua kilicho sawa na mkia uliouona.

Bibi yule wa Uswidi alifariki zamani. Siku niliyoondoka nyumbani kwake alinisindikiza mpaka kituo cha basi, na theluji ilikuwa imekwisha yeyuka. Nilimwambia tena neno lile, safari hii bila "s". Alinipiga kofi dogo la begani, akasema nimechukua miezi 6 kuitoa herufi moja.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, nakutakia wiki njema.